Kiwambo cha inchi 27 na tarakimu za kwenye kasha lake

Inchi 27, pikseli 2560 kwa 1440, hezi 144, milisekunde 1, HDR: kasha la kiwambo ninachokipitia hapa limejaa tarakimu na vifupisho, na baada ya kukitumia kwa kuandika, kuhariri picha na kucheza michezo, naona kwamba zile zilizochapwa kwa maandishi makubwa zaidi ndizo zinazopaswa kuchunguzwa zaidi.

Kilichonifurahisha mno ni ukali wa maandishi. Inchi hupimwa kutoka pembe moja hadi pembe ya mkabala wake, na peke yake hazisemi lolote kuhusu ukali, kwa kuwa ukali hutegemea ni pikseli ngapi, yaani nukta ndogo zinazounda picha, zimebanwa katika kila inchi. Hapa ni takriban 109, ilhali kiwambo cha ukubwa huohuo chenye pikseli 1920 kwa 1080 huwa na 82 tu, na tofauti hiyo huonekana mara moja katika herufi ndogo.

Hezi 144 maana yake ni kwamba picha huchorwa upya mara 144 kwa sekunde, yaani kila baada ya milisekunde 7 hivi, badala ya 17 za kiwambo cha hezi 60. Hata kupandisha na kushusha ukurasa huwa laini, mradi mtumiaji aichague kasi hiyo katika mipangilio ya kompyuta, kwani mara nyingi mfumo huanza na hezi 60.

Ile milisekunde 1 ni jambo jingine kabisa: ni muda ambao pikseli huchukua kubadilika kutoka kijivu kimoja hadi kingine. Ili kuufikia, inabidi msukumo wa volteji unaoharakisha pikseli upandishwe hadi ngazi ya juu kabisa katika mipangilio ya kiwambo, na hapo kila kitu kinachokwenda kasi huburuta kivuli cheupe kinachokera. Ngazi ya kati inafaa zaidi.

Paneli, yaani kioo chenyewe kinachoonyesha picha, ni ya aina iitwayo IPS, kwa hiyo rangi hubaki thabiti hata kwa anayetazama kutoka pembeni. Udhaifu wake ni weusi: uwiano wa mwanga na giza ni takriban 1000 kwa 1, wakati paneli nyingi za aina nyingine, VA, hufikia 3000 kwa 1, hivyo katika chumba chenye giza nyeusi huonekana kama kijivu. Uwiano wa mamilioni unaotajwa kwenye kasha hupatikana kwa kufifisha taa zote za nyuma, na hauhusu picha moja inayotazamwa.

HDR, yaani uwezo wa kuonyesha mwanga mkali na giza zito katika picha moja, ndiyo iliyonivunja moyo. Kiwambo huipokea, lakini mwangaza wake huishia niti 400 (niti ni kipimo cha mwangaza) na taa za nyuma haziwezi kufifishwa sehemu kwa sehemu, hivyo nyota na giza linaloizunguka hupewa mwanga uleule. Kwa kazi za maandishi na picha nakipendekeza bila kusita. Anayetaka HDR ya kweli kwa ajili ya filamu atafute kiwambo cha paneli ya OLED, ambayo kila pikseli yake hujizimia na kujiwashia mwanga wake.