Masaji ya kiti karibu na Marikiti, Mombasa: dakika 15 bila kuvua nguo

Mimi ni fundi cherehani. Yeyote aliyeinamia cherehani miaka mingi anajua panapouma: katikati ya mabega, halafu maumivu yanapanda shingoni, na jioni kichwa kinagonga. Dawa za maumivu nilizimeza mpaka tumbo likakataa. Shoga yangu muuza leso wa Biashara Street ndiye aliyeniambia kuna kijana na dadake wamefungua kichumba cha masaji ya kiti. Naenda tangu kabla ya Ramadhani, na naandika kwa sababu wengi wetu tunaamini masaji ni ya wageni wa hoteli za Nyali.

La kwanza, huvui nguo wala hupakwi mafuta. Unakaa umeegemeza kifua kwenye mto, uso umeuweka kwenye mto wenye tundu la kupumulia, mikono imelala mbele yako. Naingia na buibui langu, natoka nalo. Wanawake wangapi huku wana maumivu na hawaendi popote kwa sababu ya sitara tu!

Huyo dada huanza kwa maswali: "Mama, una presha? Una mimba? Umeumia mahali karibuni?" Siku moja alikuja mteja ambaye mguu mmoja ulikuwa umevimba na una moto. Alikataa kumgusa, akamhimiza aende hospitali upesi, maana huenda ni damu iliyoganda. Tangu hapo namwamini kabisa.

Anakanda kwa vidole gumba na kiwiko, kando kando ya uti wa mgongo, anatua pale palipokaza mpaka msuli ulegee. Ni hapo ndipo nilipotambua kuwa taya nalikaza kutwa nzima. Pumzi inashuka hadi tumboni, moyo unatulia. Maumivu hayaishi moja kwa moja, hurudi baada ya siku kadhaa, kwa hiyo amenifundisha pia kuinua kiti changu cha kazini na kunyoosha shingo. Lakini kwangu faida kubwa zaidi ni kichwani. Usiku nalala. Madeni yapo palepale, ila sikeshi nikiyahesabu, na watoto wanaporudi shule nawasikiliza bila ukali.

Hayo si mawazo yangu tu. Mwaka 1996 Tiffany Field na wenzake wa Miami, Marekani, walichapisha utafiti wa watu waliokandwa kwenye kiti dakika 15, mara mbili kwa wiki, kwa wiki tano. Wasiwasi wao ulipungua, na hesabu walizifanya haraka zaidi na kwa makosa machache. Mimi napima na kukata vitambaa vya watu kila siku, najua thamani ya kichwa kilichotulia.

Kiti chenyewe kiliingia sokoni 1986, kazi ya David Palmer wa San Francisco, aliyefuata ukandaji wa Kijapani uitwao amma, unaofanywa juu ya nguo. Alitaka masaji iwafikie watu kule kule wanakofanya kazi. Hapa natoa shilingi 400. Hotelini, saa moja ni pesa ya chakula cha nyumba yangu kwa wiki.

Kasoro zipo. Viti ni viwili tu, Jumamosi ni foleni. Pazia ni jepesi mno. Mwenye magoti mabovu atasumbuka, kwani unakaa umeyakunja. Tena mlangoni pana ngazi za juu, na mamangu anayetembelea mkongojo hawezi kuzipanda, ilhali yeye ndiye anayehitaji kukandwa kuliko mimi.

Nimewaambia wazi. Wana mto wa kuegemea unaowekwa mezani, mtu akakalia kiti cha kawaida, na wamekubali kuja nao mtaani kwetu Jumatatu asubuhi kwa bei ileile, mradi wapatikane wazee watano. Mpaka sasa tumepata wanne.