Siti ya baiskeli ilivyonitesa Shimanami

Nianze na hasira. Uzuri utapata nafasi baadaye, ukijaliwa.

Miezi kadhaa iliyopita, kabla baridi haijakolea, nilikodi baiskeli Onomichi, huko Japani, nikaionje Shimanami Kaido, ile njia ya kilomita kama 70 inayovuka visiwa hadi Imabari. Sikutaka yote. Nifike daraja la Tatara, nigeuze, nirudi kwa boti kutoka Setoda. Nilipokaa tu, siti ikashuka. Nikamwonyesha kijana wa pale dukani. Akaipandisha, akaikaza, akaipiga kofi kama mgongo wa punda: "Daijoubu, daijoubu." Yaani hakuna shida. Nikaomba nyingine. Akatazama saa, akatazama foleni nyuma yangu, akaniinamia. Kumbe ndivyo ninavyofukuzwa!

Kivuko cha Mukaishima ni dakika tano tu. Nilipofika daraja la Innoshima magoti yalikuwa yanatafuta kidevu. Hapo baiskeli hupita chini, ndani ya kizimba cha wavu wa chuma, magari yakinguruma utosini. Wengine wanatazama bahari, mimi natazama magoti. Mimi ni mrefu, jamani. Watoto wa shule walinipita wakicheka, na siwalaumu. Kila baada ya muda nashuka, navuta siti, natoa maneno ambayo mama yangu asingependa kuyasikia. Huduma mbovu kabisa, nilishaamua. Nyota moja.

Ikuchijima, kisiwa cha malimau, ndipo nilipomkumbuka fundi baiskeli wa mtaani kwetu Morogoro. Nikanunua soda ya kopo kwenye mashine ya barabarani, nikaazima mkasi kwa mama mmoja muuza jusi, nikakata kipande cha bati, nikakizungushia bomba la siti, nikakaza. Mama alitazama kazi yote kimya, kisha akanipa limau.

Siti haikushuka tena. Kumbe barabara za kupandia madarajani zimelazwa taratibu, hata mapafu yangu ya ofisini yaliziweza! Na Tatara, lo! Nyaya zimetandazwa kama mbawa, minara miwili imeachana mita 890. Chini ya mnara nilipiga kofi, mlio ukapanda juu ukitetemeka. Nikapiga tena. Nilipiga kama mara ishirini, mtu mzima mimi. Nyota tano basi. Hapana, nne, kwa sababu ya yule kijana. Tatu.

Jioni nikamrudishia baiskeli yake. Akaikagua, akakiona kipande cha bati, akakichomoa kwa ncha za vidole kama mende. Siti ikateremka yenyewe, polepole, mbele ya macho yetu wote wawili. Akainama. Safari hii aliinama sana.

Nikanyoosha mkono, nikamwomba bati langu.