Sauti ya Dhiki: usianze na habari za jela

Mwaka 1969 Abdilatif Abdalla alihukumiwa kifungo cha miaka 3 kwa sababu ya waraka wa "Kenya: Twendapi?" ulioikosoa serikali. Mashairi ya diwani hii aliyatunga humo gerezani, akiyaandika kwenye karatasi za chooni. Yakachapwa 1973, na mwaka uliofuata diwani ikatunukiwa tuzo yenye jina la Jomo Kenyatta, yule yule ambaye serikali yake ilimfunga. Kisa kitamu, lakini ndicho kinachowapoteza wasomaji: kila ubeti wanatafuta askari na pingu. Shairi la "Usiniuwe" ni kilio cha mimba ikimsihi mama asiitoe. Jela iko wapi hapo?

Anza na shairi la "Siwati". Hesabu kipande cha kwanza kwa vidole: si-wa-ti n-shi-shi-ye-lo, mizani (silabi) 8. Hiyo n' ni mizani kamili. Ukiimeza utapata 7, halafu umlaumu mshairi bure. Lugha ni Kimvita, lahaja ya Mombasa. Kuwata ni kuacha. "N'shishiye" ni nimeshika, kwa umbo la kale la wakati timilifu, na "lo" inarejelea jambo lenyewe: siliachi nililolishika. Aliyelelewa na Kiswahili sanifu huiona ile "ye" akadhani inasemwa juu ya mtu, na maana ikamponyoka papo hapo. Mzee wa Mombasa atamfaa kuliko kamusi.

Kisha vina. Katika ubeti wa kwanza mishororo mitatu ina -lo kati na -te mwisho. Kwenye mshororo wa nne -te inahamia kati na ubeti unafungwa kwa -we. Hakuna neno lililosukumwa kwa nguvu ili kina kipatikane, na hilo ni adimu.

"Mamba" ni fumbo la mwenye nguvu, na hapo ndipo kuyajua maisha ya mtunzi kunasaidia: aliyefungwa kwa kusema waziwazi sasa anasema kwa mnyama. "Kuno Kunena" halifumbi kitu. Anauliza kunena kuna nini hata kumfungishe, huku kuno, kunena na kani zikigongana. Ukisoma kimya mchezo huo huusikii kabisa.

"Mnazi: Vuta N'kuvute" liache mwisho. Ni majibizano marefu ya Alii na Badi juu ya mnazi, kwa hiyo wasome watu wawili. Msomaji hodari mpe upande usioupenda wewe.