Yaris la familia nimeligeuza gari la sakiti: uzoefu wangu wa mwaka mmoja na nusu

Tulipong'oa kiti cha nyuma tulikuta sarafu, pini tatu za hijabu, tasbihi iliyokatika uzi na vipande vya kashata vilivyogeuka mawe. Miaka minane ya kupeleka watoto shule na madrasa ilikuwa imejificha pale chini. Binti yangu mkubwa aliokota punje za tasbihi moja moja akazitia kwenye kikombe, kisha akafungua daftari lake la hesabu akaandika mstari wa kwanza: kiti cha nyuma, kilo 27.

Gari ni Toyota Yaris T Sport ya mwaka 2003, milango mitatu, gia za mkono. Naishi Bristol, Uingereza, na mama watoto alipopata gari kubwa zaidi, hili lilibaki linakaa tu nje ya nyumba. Mlioko nyumbani mnalijua kwa jina la Vitz RS. Injini ni ile ile 1NZ-FE ya sentimita za ujazo 1497 iliyomo kwenye IST, Probox na Fielder, na hapa ilitoka na nguvu farasi 105. Kaka yangu ni fundi Tanga, amefungua injini hizi tangu magari hayo yaanze kuingia bandarini. Nilipompigia kumwambia nataka gari la kukimbiza uwanjani alinijibu hivi: "Mdogo wangu, injini hiyo usiiguse. Haidaiwi kitu. Wewe toa mizigo."

Nimemsikiliza, na baada ya siku saba za sakiti, yaani uwanja wa kukimbizia magari, naweza kusema huo ndio ushauri uliozaa zaidi ya kitu chochote nilichonunua.

Ukiongeza nguvu ya injini unafaidika pale unapokanyaga mafuta tu. Ukipunguza uzito unafaidika ukikanyaga mafuta, ukishika breki na ukiingia kona, na tairi na pedi zinadumu zaidi. Kabla ya kuanza nililipeleka gari kwenye mizani inayopima kila gurudumu peke yake: kilo 968, tangi likiwa nusu. Kisha tukaanza kuvua, kila kitu kikipita kwanza kwenye mizani ya bafuni. Tairi la spea, jeki na vifaa vyake kilo 16. Kapeti na magodoro yaliyo chini yake 13. Plastiki za kuta, za milango na za buti 14. Kiyoyozi chote 13, ila gesi yake ilitolewa na fundi mwenye leseni, maana hapa ni kosa kisheria kuiachia hewani. Redio na spika 4. Kiti cha dereva 17.

Kazi niliyoipenda kuliko zote ni ya lami. Chini ya kapeti kiwanda hubandika mashuka ya lami ili bati lisivume, na ukitaka kuyakwangua yakiwa na joto la kawaida utakesha. Dawa yake ni barafu kavu. Nilinunua mfuko wa vipande vidogo, nikavimwaga sakafuni mwa gari, nikavifunika kwa taulo na kusubiri kama dakika kumi. Lami inaanza kulia yenyewe, tik, tik, kama bati la paa jua linapozama. Hapo unagonga kwa nyundo ya mpira na inapasuka kama sahani, unaiokota vipande vipande, bati linabaki jeupe, safi. Kilo 6 zilitoka kwa asubuhi moja. Vaa glovu nene, na kazi hii ifanyie nje milango yote ikiwa wazi: barafu hiyo ina baridi ya nyuzi 78 chini ya sifuri, na inapoyeyuka inageuka hewa ya kaboni dioksidi ambayo ndani ya banda lililofungwa inaweza kukuzimisha kabla hujajua.

Jumla ilitoka kilo 110. Nilirudisha 14: kiti cha mbio, fremu yake na kizimamoto. Mizani ikasoma 872. Tumepunguza karibu asilimia 10, sawa na kuiongezea injini ile ya awali farasi kama 12, na ukiacha kiti, kizimamoto na fundi wa gesi, gharama yangu hadi hapo ilikuwa barafu na taulo moja lililoharibika.

Vitu viwili nilivikuta vinafunguka nikaviacha kwa makusudi. Chuma kinachopita nyuma ya dashibodi kutoka mlango hadi mlango kinashikilia usukani na ni sehemu ya uimara wa bodi, kwa hiyo usidanganywe na uzito wake. Na mikanda ya usalama ya kiwandani. Wengi wananiuliza kwa nini sijafunga mikanda ya mbio ya pointi nne. Mikanda ile inakushikilia wima. Gari likipinduka paa likashuka na huna kizimba cha mabomba cha kulishikilia, shingo yako haina pa kwenda. Na kizimba nacho, kwenye gari ambalo bado linapita barabarani, ni chuma kilicho karibu na kichwa kisicho na helmeti. Mpaka siku nitakapoamua gari hili lisafirishwe kwa trela, mkanda wa kawaida unanitosha.

Sasa kiti, na hapa nina uchungu. Kila kitu nilikifanya mwenyewe isipokuwa hicho, nikidhani nampa mtaalamu kazi ya mtaalamu. Gereji niliyowalipa waliona pointi nne za kiwandani haziendani na reli za kiti kipya, wakatoboa sakafu na kufunga bolti kwa washa ndogo (vile visahani vya chuma vya chini ya bolti) kwenye bati tupu. Sikuchungulia chini. Hilo nalibeba mimi.

Siku yangu ya kwanza ilikuwa Castle Combe, kule Wiltshire. Sakiti hii ilifunguliwa mwaka 1950 kwenye barabara iliyozunguka uwanja wa ndege wa wakati wa vita, ina maili 1.85, na sehemu yake inayopima moyo ni Avon Rise. Unapanda kimlima kwa kasi yote gari lililonayo, mimi nilikuwa kwenye maili 95 kwa saa, gari linakuwa jepesi kileleni, na papo hapo unatakiwa ushike breki kwa ajili ya kona ya kulia iitwayo Quarry. Raundi ya nne niliposhika breki pale nilihisi kiti kinainama mbele pamoja nami. Kidogo tu, kama meza yenye mguu mfupi. Niliinua mkono kuwaonyesha wa nyuma kwamba napunguza mwendo, nikarudi taratibu. Nilipolala chini ya gari nikaona washa ya nyuma imezama kwenye bati, na bati limekunjamana kuizunguka kama kitambaa kilichovutwa na uzi. Saa tano asubuhi siku yangu ikawa imekwisha. Gereji walipokea simu, wakasema kazi yao haina kasoro, na pesa haikurudi.

Dawa nilinunua mwenyewe: fremu iliyotengenezwa kwa ajili ya Yaris hii, inakaa kwenye pointi nne za kiwandani, kwa bolti za daraja 8.8. Matundu yale yalichomelewa. Ukifunga kiti cha mbio anza na fremu ya modeli yako, hata kama bei yake inakaribia ya kiti. Kifungio cha mkanda kinahamia kwenye fremu pamoja na plagi yake. Chomoa betri usubiri kabla hujaigusa plagi hiyo, na usiisahau kuirudisha, kwani taa ya airbag ikibaki imewaka gari halipiti MOT, ukaguzi wa magari wa kila mwaka wa hapa Uingereza.

Breki ndizo zilizokula pesa iliyofuata na sijutii hata peni moja. Kwenye siku ya pili, raundi ya sita, pedali ilianza kuzama. Mafuta ya breki hunyonya unyevu wa hewa kadiri yanavyokaa. Ya kiwango cha DOT 4 yakiwa mapya hayachemki chini ya nyuzi 230, lakini kiwango cha chini kinachotakiwa yakishalowa ni 155 tu, na yakichemka yanazaa mvuke, na mvuke unabonyea. Nikamwaga yote, nikatia Motul RBF 600, ambayo ikiwa mpya huchemka nyuzi 312, binti akakanyaga pedali huku mimi natoa upepo gurudumu moja baada ya jingine. Pedi za mbele nikaweka Ferodo DS2500. Zinapiga kelele kidogo zikiwa baridi, na vumbi lake linachafua rimu, lakini tangu hapo nakimbia dakika 20 mfululizo na pedali iko pale pale.

Kuna jambo hakuna aliyeniambia: uzito mwingi tuliotoa ulikuwa nyuma. Mkia ulinyanyuka kama sentimita 2, na magurudumu ya nyuma yakabaki hayana uzito wa kuyakandamiza. Kona ya Tower, pale Castle Combe, lami ikiwa na unyevu, niliingia kwa kasi kuliko nilivyotaka nikaachia mafuta ghafla, na mkia ukatoka. Kilichoniokoa ni kukanyaga tena mafuta badala ya breki, na nafasi ya majani iliyokuwa pembeni. Nimebadilisha springi za nyuma, nikafanya alaimenti upya, na sasa gari linageuka kwa hiari bila kunitisha. Kama unaanza, liendeshe kwanza kwenye mvua polepole ujue tabia yake mpya.

Bomba la moshi la kiwandani limebaki. Sakitini wanapima kelele kabla hujaingia, na mimi napita bila wasiwasi huku wenye mabomba makubwa wakirudishwa. Bima nimeitaarifu mabadiliko yote, imepanda. Na haihusu sakiti, bima ya siku naikata kando.

Hesabu hii hapa: kiti na fremu pauni 430, pedi na mafuta ya breki 150, tairi nne 340, springi na alaimenti 260, na zile 120 za gereji zilizopotea. Kwenye barabara ya kawaida gari halifai tena kwa safari ndefu: mawe yanapiga chini kama mvua ya masika kwenye mabati, na petroli unaisikia ikicheza tangini. Kwenye sakiti nalipatia alama 9 kwa 10. Alama moja naikata kwa sababu ya joto. Bila kiyoyozi, mwezi Julai ndani ya helmeti si mchezo.

Kiti cha abiria sijakigusa, ni kile kile cha kiwandani. Waandaaji ninaoenda nao wanaruhusu abiria kuanzia miaka 16. Binti anaitimiza Disemba, na helmeti yake iko juu ya kabati, na daftari la hesabu limewekwa ndani yake.