Uzoefu wangu ndani ya Airbus A380: raha ya abiria, mzigo wa shirika

Kama unatoka Kisumu kwenda Uingereza na umepata tiketi ya kupitia Dubai itakayokupandisha Airbus A380, lile dege la abiria la ghorofa mbili, ichukue. Nimesafiri masafa marefu kwa ajili ya kazi na familia, na sijaona ndege inayombeba abiria wa daraja la kawaida kwa staha kama hii. Nasema hivyo nikijua kwamba haiundwi tena. Airbus ilitangaza Februari 2019 kwamba inasitisha uundaji, na ya mwisho ikakabidhiwa Emirates, shirika la ndege la Dubai, Desemba 2021. Zilizowafikia wanunuzi ni 251 tu, na 123 kati ya hizo zilichukuliwa na Emirates peke yake. Kazi yangu ni kusafirisha minofu ya samaki aina ya mbuta kwenda nje, kwa hiyo ndani ya ndege hii nilikaa kama abiria lakini nikaipigia hesabu kama mtu wa shehena.

Nianze na raha. Nilitoka Kisumu hadi Nairobi kwa ndege ndogo ya propela, Nairobi hadi Dubai kwa Boeing 777, kisha nikaingia A380. Kilichonishangaza kwanza ni ukimya. Ule mngurumo wa kupaa unaokulazimisha kupandisha sauti ukisema na jirani haukuja. Dege lilikimbia kwa muda mrefu, na kwenye skrini iliyo mbele ya kiti, kwa kamera iliyofungwa mkiani, nikaona pua ikiinuka taratibu na njia nzima ikibaki chini. Kando yangu aliketi mama wa Bungoma aliyekuwa akienda kumwona mjukuu. Akanigusa mkono, "Baba, tumeruka ama bado?" Nikamwambia, "Tumeruka, mama, tazama hapa kwenye skrini." Akatazama, akarudisha kichwa nyuma na kufumba macho.

Viti vya chini vimepangwa vitatu, vinne, vitatu. Ghorofa ya juu kwenye ndege yetu ilikuwa ya daraja la biashara na daraja la kwanza. Huko ndiko kuna baa na bafu za kuogea, na mimi niliishia kuona ngazi. Kiti changu kilinitosha mabega, jambo ambalo watu wa mwili kama wangu huliweka mbele ya chakula. Chakula kilikuwa kizuri, filamu tele. Tulipopita kwenye upepo mkali chai iliyumba kikombeni bila kumwagika, kwa sababu ndege inayoweza kuruka ikiwa na uzito wa tani 575 haisukumwi ovyo.

Ubaya utauona mkishuka. Zaidi ya watu 500 wakitoka mlango kwa mlango na kukimbilia foleni moja ya pasipoti, hata uwanja uliojipanga vizuri hulemewa. Masanduku nayo hayaishi kuteremka.

Safari ya kurudi ndiyo iliyonifungua macho. Haukuwa msimu wa wageni, na safu yangu ya katikati ilikuwa na viti vinne bila mtu mwingine. Nililala nimejinyoosha kama niko kitandani. Lakini anayeuza samaki anajua maana ya sanduku kwenda tupu. Kiti kikishapaa hakina mtu, nauli yake imepotea, na mafuta yanayookolewa kwa kukosa abiria huyo ni kidogo mno. Chukua ndege ya viti 517, kwa mmoja wa mipango ya viti ya Emirates. Ukipata abiria 310, umejaza asilimia 60. Wapandishe watu walewale 310 kwenye 777 ya viti 350 hivi na utakuwa umejaza karibu tisa kwa kila kumi, tena kwa injini mbili badala ya nne. Dege kubwa likijaa pomoni, gharama kwa kila kiti ni nzuri. Kazi ni kulijaza kila siku, Februari kama Desemba.

Kwa nini ni vigumu kulijaza, sisi wa Kisumu tunaweza kuelewa upesi. Safari yetu ya Nairobi inabebwa na ndege ndogo, zikiwemo Dash 8-400 za viti 78, zikipishana asubuhi, mchana na jioni. Mtu wa shughuli huondoka alfajiri, anaiacha Ghuba ya Winam na gugumaji lake dirishani, anamaliza kikao Nairobi na kurudi kulala kwake. Sasa leta ndege moja ya kuwabeba wote hao saa sita mchana, nauli ipunguzwe kidogo. Yule mtu wa kikao hatakuja. Atamfuata mwenye ndege ndogo ya saa kumi na mbili asubuhi, na yeye ndiye hulipa nauli ya juu. Mashirika makubwa yaliona jambo hilohilo kati ya miji mikubwa ya dunia: ndege mbili za kiasi kwa saa tofauti huvuta wateja kuliko moja kubwa mno.

Halafu kuna tumbo la ndege, na hapa nina neno. Minofu yetu hutoka Kisumu kwa lori lenye barafu hadi Nairobi, ikapakiwa chini ya miguu ya abiria pamoja na maua ya Naivasha na mishiri, yale maharagwe mabichi. Shehena hiyo inalipa, na kwenye njia nyingi ndiyo inayotofautisha faida na hasara. A380 ina ghorofa mbili za watu juu ya ghala moja. Masanduku ya abiria 500 yakishaingia, nafasi ya samaki inabaki finyu. Boeing 777-300ER yenye watu wachache hupokea mzigo mwingi zaidi wa kulipiwa. Airbus ilikuwa na mpango wa A380 ya mizigo pekee, na FedEx na UPS, kampuni za kusafirisha vifurushi, walikuwa wameagiza, lakini ndege ilipochelewa kutokana na matatizo ya nyaya za umeme walijiondoa na mpango ukafa. Hata ungeendelea, chumba cha rubani kiko kati ya ghorofa mbili, kwa hiyo pua haiwezi kufunguka kama ya Boeing 747 ya mizigo. Hiyo 747 iliundwa kwa zaidi ya miaka 50, zikafika 1,574, na ya mwisho iliyotolewa Januari 2023 ilikuwa ya mizigo.

Wakati nao uliigeukia. Zamani ndege ya injini mbili haikuruhusiwa kwenda mbali zaidi ya dakika 60 kutoka uwanja wa kutua, ndiyo maana bahari kubwa zilikuwa za injini nne au tatu. Mwaka 1985 Marekani iliruhusu dakika 120, baadaye zikaongezwa, na ikaja 777 mwaka 1995. A380 ilibeba abiria wake wa kwanza Oktoba 2007, Singapore hadi Sydney. Miaka minne baadaye Boeing 787 ikaanza kazi na injini mpya zaidi zinazokula mafuta kidogo. Kenya Airways ilipokea 787 yake ya kwanza 2014, ndege ya viti 234, na Oktoba 2018 ikaanza kutoka Nairobi moja kwa moja hadi New York. Abiria wa aina hiyo hahitaji tena kukusanywa kwenye kituo kikubwa apakiwe na wengine 500.

Mabawa pia yalibanwa. Yalitakiwa kukaa ndani ya mita 80 ili yaingie viwanjani, na yalitengenezwa yakitazamia toleo refu zaidi ambalo halikuundwa, kwa hiyo ndege hubeba uzito isiouhitaji. Ikiharibika ugenini, tafuta vitanda 500 vya hoteli usiku huo. Na soko la mitumba halikuwepo: baadhi ya zile za kwanza za Singapore Airlines zilirudishwa kwa wamiliki waliozikodisha baada ya miaka kumi tu, na mbili zikachinjwa Ufaransa kwa ajili ya vipuri.

Emirates imeziweza kwa sababu Dubai hukusanya watu wa mabara mengi, na inaruka kwenda viwanja kama Heathrow wa London ambako nafasi za kutua ni adimu. Wengine walizitoa: Air France iliachana nazo moja kwa moja 2020. Lufthansa ilizirudisha kazini 2023, wakati abiria walikuwa wamerudi na Boeing 777X, ndege mpya waliyokuwa wakiisubiri, bado imechelewa. Nilifurahi kusikia hivyo, ingawa kuzitumia zilizopo si sawa na kuagiza mpya, na sioni nani angeagiza.

Kwa abiria naipa nyota tano. Kwa mwenye shirika nampa pole, nyota mbili. Ukikata tiketi, angalia aina ya ndege inayoonyeshwa kando ya saa ya kuondoka. Si kila ndege ya Dubai–Uingereza ni A380, na hubadilishwa. Kama unaanzia Kisumu, jiachie saa tatu au zaidi Nairobi. Ukiweza kuchagua tarehe, nenda Februari au Novemba, siku ya katikati ya wiki, na uombe safu ya viti vinne.