Uzoefu wangu: antena nzuri, kituo kimeondoa Wheel of Fortune

Nyota mbili kati ya tano, na zote mbili naipa antena.

Antena hii ya televisheni tuliinunua dola 25 kwa ajili ya mama mkwe, aliyetoka Tanga kuja kutulelea mtoto hapa Marekani. Picha safi, hakuna malipo ya mwezi. Saa moja na nusu jioni, Jumatatu hadi Ijumaa, kituo cha hapa kwetu kilirusha Wheel of Fortune, mchezo wa kukisia fumbo la maneno herufi kwa herufi ili kushinda hela, na saa hiyo hapikiwi mtu chai. Kiingereza cha mama ni cha kuokoteza, lakini herufi anazijua. Kilichomshangaza ni kwamba konsonanti unazipata kwa kuzungusha gurudumu, ila irabu unainunua dola 250. "Ingekuwa Kiswahili hawa wangefilisika neno la kwanza tu!" Kila fumbo likifunguka analinakili kwenye daftari, kesho yake ananiuliza maana. Mtangazaji wa kipindi, Pat Sajak, alipostaafu 2024, mrithi wake Ryan Seacrest mama alimpokea kwa shingo upande, mwishowe akamzoea.

Halafu jioni moja tukawasha, tukakuta taarifa ya habari. Tukadhani ni dharura. Wiki nzima habari. Nikapiga simu, dada aliyepokea akaniambia kwa upole kwamba wanabana matumizi. Kumbe kipindi si chao: kituo hukinunua kwa msambazaji, kikalipa ada na bado kikamwachia sehemu ya dakika za matangazo. Habari wanatengeneza wenyewe, watangazaji wako kwenye mshahara tayari, na tangazo lote linabaki lao. Kibiashara nawaelewa. Lakini moto wa ghala ulioonyeshwa saa kumi na mbili ndio huo huo wa saa moja na nusu, na hata mwandishi yuko na koti lile lile.

Tangu Septemba 2025 kipindi kinapatikana pia Hulu na Peacock, huduma za kulipia za kutazama kwa intaneti, siku moja baada ya kurushwa. Tumelipia. Kinacheza vizuri, ila mama hawezi kukifikia bila kuniita, kwa hiyo nikiwa zamu ya jioni hatazami. Na cha jana hakimnogei: "Mwenzangu keshachukua hela, keshalala, mimi nakisia nini?"

Juzi nimemkuta anamuuzia mjukuu wake irabu kwa biskuti. A moja, biskuti mbili.

Ukitaka antena, nunua tu. Ila ukiitaka kwa ajili ya kipindi kimoja, kwanza angalia ratiba ya kituo chako ya mwezi huu.