Soko la Tengeru Jumamosi: bei ziko poa ila piga hesabu kabla ya kupanda kifodi (daladala)

Hapa Chuga, yani Arusha, ukilalamika tu maisha yamebana, mtu atakwambia nenda Tengeru kule vitu ni bure. Sio bure jamani. Ni rahisi ndio, tena baadhi ya vitu ni rahisi kweli kweli, ila naonaga watu wanaondoka na laki mfukoni wanarudi na mkungu wa ndizi unaiva wote siku moja, alafu ikifika Alhamisi wako kwa Mangi wa duka la mtaani wanaandikwa kwenye daftari nyanya na kitunguu. Mimi chakula cha nyumbani kwetu nanunuaga pale kwa iyo ngoja nipaseme ninavyopajua.

Kwa wageni, soko liko barabara ya kwenda Moshi kabla hujafika Usa River, siku zake ni Jumatano na Jumamosi, ila Jumamosi ndo balaa. Mzigo mwingi unashuka kutoka mashamba ya Meru, ndizi mshare, mzuzu, maparachichi, mnafu, karoti, hoho, yani ukitaka kupika mtori au loshoro vyote unavipata bila kuzunguka. Kwenye mboga za majani sina ubishi, nawapa 5 kati ya 5, mnafu wa pale ukiufikisha nyumbani bado umesimama, sio ule wa mtaani unaomwagiwa maji tangu asubuhi ili uonekane mzima.

Sasa tuje kwenye hela maana ndo kilichonileta. Sado mnayoiona pale ni kale kandoo ka rangi ka lita 4, maana yake sado 5 ndo zinajaza ndoo kubwa ya lita 20. Ukiambiwa bei ya viazi usijibu kwanza, uliza bei ya sado na bei ya ndoo. Tuseme sado ni elfu 4 na ndoo ni elfu 17, sado 5 zingekula elfu 20, kwa iyo kwenye ndoo umeokoa elfu 3. Vizuri. Ila kama mko wawili ndani ya nyumba ndoo nzima ya viazi mtaimaliza lini, vitaota na vingine vitageuka kijani mtatupa, na iyo elfu 3 imeenda nayo. Dawa ni kwenda na jirani au shemeji, mnachukua ndoo moja mnagawana pale pale chini, kila mtu anapata bei ya ndoo na anabeba anachoweza kula.

Alafu kuna nauli, hii watu hawaihesabu kabisa sijui kwa nini. Kwenda, kurudi, hela ya mzigo maana konda akiona kiroba lazima aseme neno, na bajaji ya kukutoa stendi mpaka mlangoni. Ukiokoa elfu 3 kwenye viazi alafu bajaji akachukua elfu 3 apo umeenda kufanya mazoezi tu. Kwa iyo kama unataka vitu vya buku mbili tatu kaa nyumbani nenda kwa Mangi, Tengeru inalipa ukiwa unanunua vya wiki nzima kwa mkupuo.

Angalieni na vipimo. Wakala wa Vipimo wanapiga kelele kuhusu lumbesa, yani kile kichwa kinachoongezwa juu ya gunia, ila kwenye sado kila muuzaji ana yake na zipo zilizobonyezwa chini kwa ndani, ukiitazama kwa juu imejaa mpaka kichwa. Usione aibu, mwambie mama naomba niigeuze nione kitako. Asiye na neno atakupa tena anacheka, anayenuna mpite nenda kwa mwenzake. Na mafungu vile vile, mazuri yanapangwa mbele, shika ya nyuma.

Nyanya uliza ni aina gani. Ile Tengeru 97, mbegu iliyotoka kwenye kituo cha utafiti cha hapo hapo Tengeru, ngozi yake ngumu kidogo na inakaa siku nyingi bila kulainika, kwangu mimi ambaye friji naizima umeme ukipanda iyo ndo nyanya, hata ikizidi mia tano nachukua. Nyanya laini ni za kula leo na kesho, ukinunua sado nzima jiandae kusaga na kuchemsha.

Malipo beba keshi, tena zilizochenjiwa. Wengine wana lipa namba na wengi watakutajia namba ya kawaida alafu anamalizia "na ya kutolea mpenzi", ukinunua kwa watu sita na kila mmoja umemuwekea ya kutolea imeshafika bei ya sado ya karoti. Simwoni ana makosa, yeye nae anakatwa akienda kwa wakala, ila keshi inawamalizia wote wawili.

Kinachonifanya niwape 4 badala ya 5 kwa ujumla ni mitumba. Sio kwamba mibaya, mizuri sana na apo ndo shida, imekaa njiani unapita nayo ukielekea kwenye vitunguu na mnadani wanaita kwa sauti, mtu ametoka nyumbani kwa ajili ya maharage anarudi na jaketi. Nunua chakula kwanza mpaka mikono ijae, ukiwa na viroba viwili hata kusimama kuchagua shati huwezi. Unga, sukari na mafuta msihangaike navyo kule, duka lolote la jumla mjini linakutosha na hubebi umbali.

Muda ni asubuhi kama unataka kuchagua, kuanzia saa 10 jioni kama unataka bei maana hawapendi kurudi na mzigo, ila apo unachukua yaliyobaki na vifodi vya kurudi mjini vinagombaniwa. Na msimu wa masika vaa mabuti, kandambili zinabaki kwenye tope.